Joto Nyuma ya Mochwari

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme maneno mawili matatu juu ya kazi, nikasema ahsanteni nikakaa. Wengine mlidhani ni machozi. Hayakuwa machozi. Nilikuwa naliangalia lile friji la soda mlilolisukumia ukutani pale ukumbini, mgongo wake umegandamana na ukuta kabisa, nikawa nakisia moyoni litazima saa ngapi. Lilizima kabla keki haijakatwa. Mkanywa soda za moto, mafundi wa majokofu ninyi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote niliyokaa nanyi kuna jambo moja sikulifundisha vizuri, na ndiyo sababu naandika.

Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja hamtazikuta humu. Ziko kwenye jalada langu, na jalada lenyewe mara ya mwisho nililiona likizuia mlango wa stoo usijifunge na upepo. Naona lilipata kazi inayolifaa.

Kazi niliianzia Mlowo, kwenye karakana ya Mzee Ambakisye, kando ya barabara kuu. Alikuwa Mndali wa Ileje, mfupi, mwenye kikohozi cha kudumu, aliyejifunzia ufundi kwenye migodi ya shaba kule Zambia na kurudi na mke, mtoto wa kiume aitwaye Lusekelo, na sanduku moja la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni la kanisani. Mama alikuwa ameniambia mwajiri huangalia usafi kwanza. Mzee aliliangalia lile gauni, akavua koti lake la kazi akanivisha, likanifika kwenye vifundo vya miguu, na nikaanza kazi nikiwa kama mchungaji aliyepotea njia.

Asubuhi ile ile tuliitwa kwa mwenye bucha ambaye friji lake lilikuwa haligandishi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu bado hakijakunjwa, basi nikapiga magoti mbele ya friji, nikafungua mlango, nikaanza kueleza habari za gesi. Mzee aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza mbele pale pana nini. Nikasema nyama. Akaniuliza kama nimekuja kununua nyama. Mwenye bucha akacheka sana, na mimi nikamchukia Mzee Ambakisye kwa muda wa kama dakika tano.

Tulizunguka nyuma. Nyuma, juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kulikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu kuku alikuwa ameatamia mayai. Mwenye bucha alimtetea kuku wake kwa maneno mengi: alisema baridi ya mwezi wa sita imeua vifaranga vyote vya jirani, na kwamba hapo ndipo mahali pekee penye joto la uhakika. Kuzunguka kikapu alikuwa ameshindilia magunia ili upepo usimpige. Mzee aliyatoa magunia moja moja, akambeba kuku na kikapu chake kwa adabu akamweka pembeni, na kabla ya saa sita friji lilikuwa linagandisha. Hatukufungua hata skrubu moja.

Tukiwa njiani kurudi alinifundisha mambo mawili, na nimekula mkate kwa hayo mawili maisha yangu yote. La kwanza, hakuna mashine inayotengeneza baridi. Mashine inabeba joto la ndani na kwenda kulitupa nje, basi. Ukiliziba joto njia ya kutokea, litamgeukia anayelibeba. Kwa hiyo kazi yoyote anza nyuma, kwenye mlango wa kutokea joto, ndipo uje mbele. La pili, kompresa iguse kwa mgongo wa mkono, kamwe usitumie kiganja. Kiganja kina sugu na kinakudanganya, na kama kuna umeme vidole vitajifunga na kushika. Mgongo wa mkono una ngozi ya kweli, na ukistuka unajitoa wenyewe. Yeye kila kitu alikigusa hivyo: bomba, chai, paji la uso la mtoto mwenye homa.

Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji kuambiwa baridi ya Mbozi ikoje ukungu ukishuka. Mtu wa kwetu akiona kitu kinatoa joto hawezi kukiacha kikae bure. Nyuma ya majokofu ya watu nimetoa unga wa mandazi uliokuwa unaumuka, nepi, soksi za shule, na siku moja Biblia ya mzee wa kanisa iliyolowa mvua, ambayo niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa imekauka vizuri kuliko alivyotarajia. Hakuna kitabu cha mafundi kilichoandika ugonjwa huu, kwa sababu waliotunga vitabu hivyo hawakukaa Mlowo mwezi wa sita.

Baadaye nilikaa miaka kadhaa Tunduma, kwenye foleni ya malori ya kuvuka mpaka. Kule nilijifunza woga. Lori la samaki wa barafu likisimama kwenye foleni na mtambo wake wa baridi ukizima, hapana muda wa kusoma maandishi. Dereva mmoja wa Zambia alinishika mkono, akaniita mama kwa lugha ya kwao: "Bamayo, hii mashine ikikufa na mimi nimekufa." Nilimwagia maji mabomba ya nyuma kwa ndoo kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, nikipumzika pale tu kompresa ilipokubali kuguswa, na samaki wake walivuka. Siku ile nilielewa kwamba mgonjwa wa kwanza si samaki, ni kompresa. Ukiweza kumpoza anayepoza wenzake, mengine yatajipa.

Ndipo nikaajiriwa hospitali, na kwa miaka mingi nilitunza majokofu ya dawa, ya damu na ya mochwari, mpaka ilipoletwa ile mnayoiita kompresa ya sumaku. Mnaijua, lakini kuna wageni wataanza kazi kesho, kwa hiyo nitaieleza. Kompresa za zamani zina mota inayozungusha mkono wa chuma, na mkono unasukuma pistoni, na vyote vinaogelea kwenye mafuta. Hii haina mkono wala mafuta. Ina koili ya waya, na ndani yake pistoni iliyofungwa sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku inavutwa na kusukumwa, mbele na nyuma, na pistoni inakwenda nayo. Ni kimya na inakula umeme kidogo. Udhaifu wake ni mmoja. Sumaku ikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na ikishapoa nguvu ile hairudi. Hakuna kuitengeneza, utainunua nyingine.

Kwa sababu hiyo waliiwekea ulinzi. Kijibomba chembamba kinachukua gesi iliyokwisha kupozwa na kuwa maji, kutoka kwenye kondensa, yale mabomba yenye feni yanayotupa joto, iliyo nje ya ukuta wa nyuma, na kinaizungushia koili ili iipoze. Kuna kijidirisha cha kioo kwenye bomba hilo: ukiona maji matupu, salama, ukiona mapovu, koili haipati cha kuipoza. Na kuna swichi ya ulinzi inayozima kila kitu joto likivuka mpaka.

Mzee Ambakisye alikuwa amekwisha kuacha kazi zamani, lakini alikuja na fimbo yake kuiona. Nilimwonyesha kioo chenye tarakimu kwa majivuno ambayo nikiyakumbuka sasa masikio yananiwaka. Aliuliza kama kweli haina mafuta. Akaiwekea mgongo wa mkono, akakaa nayo hivyo kama anayempima mtu.

"Huyu anapoza maiti," akasema. "Na yeye nani anampoza?"

Nikamwonyesha kijibomba. Alikipenda sana. Kisha akatoka nje kwa miguu yake mizito, akazunguka nyuma ya jengo ambako feni inatupia upepo wa moto kwenye wavu wa chuma, akakaa huko kitambo. Mimi sikumfuata, nilikuwa nabonyeza vitufe. Aliporudi alisema tu kwamba nyuma ni pazuri, pana joto, na watu watapapenda. Nikacheka nikidhani ni utani wa uzee.

Mwezi wa sita uliofuata alifariki, kifua kilimshinda. Alilazwa kwenye jokofu nililokuwa nalitunza mimi, siku ya Jumatano jioni. Lusekelo alikuwa Kitwe, kule Zambia. Alirudi kule ujanani kufuata kazi ya migodi na hakuwa amefika nyumbani kwa miaka mingi, tangu yeye na baba yake walipoambiana maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyenisimulia. Alipopigiwa simu alisema jambo moja tu: msimzike kabla sijamwona. Ndugu wakakubaliana kumngoja mpaka Jumapili.

Mama yake alinikuta kwenye ukumbi wa hospitali. Mama Lusekelo hakuwa mtu wa maneno. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mashine ni yako," akasema. "Mtunzie Lusekelo uso wa baba yake."

Nikamwambia mama, usiwe na wasiwasi.

Alhamisi ilipita vizuri kiasi kwamba nilikwenda nyumbani mapema. Ijumaa saa nne asubuhi Simoni, mhudumu wa mochwari, alikuja karakana mwenyewe badala ya kupiga simu, nikajua kuna jambo. Jokofu lilitakiwa kuwa kwenye nyuzi tatu. Lilikuwa kwenye saba. Swichi ya ulinzi ilikuwa imezima mtambo mara mbili tangu asubuhi. Niliangalia kijidirisha cha kioo: mapovu matupu, yanakimbizana. Nilisema gesi imevuja, maana ndivyo chuo kinavyosema ukiona mapovu. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba mle ndani, juu, chini, mpaka chini ya sakafu ya mbao, nikatafuta kuvuja kwa saa tano na magoti yakaota malengelenge. Hakuna hata kiungo kimoja kilichopumua. Jua lilipokaribia kuzama tarakimu zikaanza kushuka zenyewe, sita, tano, nne. Sikujua nimefanya nini, lakini nilimwambia Simoni nimeitengeneza. Huo ni uongo wa kawaida wa mafundi na nadhani Mungu ameutengea daftari lake pekee.

Jumamosi saa mbili asubuhi jokofu lilikuwa kwenye nyuzi tatu kamili. Saa nne ikawa sita. Saa sita mchana ikawa tisa, na mtambo umezima mara nne. Na nje kulikuwa na ukungu mzito, watu wanatembea wamejifunika mashuka, baridi ambayo hata friji bovu lingejivunia. Mashine ilikuwa na homa kwenye baridi ya namna ile. Nilisema ni umeme, maana mchana mashine za kusaga mahindi zote za Mlowo zinanguruma na umeme unapungua, na jioni wakizima unarudi. Hoja nzuri sana hiyo. Niliwasha jenereta ya hospitali ili kuithibitisha. Zikawa nyuzi kumi.

Nikampigia simu mhandisi wa waliotuuzia, kijana mwenye heshima aliyeko Dar es Salaam. Nilimsomea tarakimu. Aliniambia mama, huenda sumaku imeanza kuchoka, usiiguse, tutafika Alhamisi. Nikamwambia Alhamisi marehemu watakuwa hawatuhitaji. Akasema pole.

Simu ilipokatika iliingia nyingine, ya mpwa wa marehemu. Lusekelo alikuwa amefika Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, lakini hati yake ya dharura ya kusafiria ilikuwa na jina lililokosewa, na ofisi ya kuirekebisha ingefunguliwa asubuhi. Angefika Jumapili saa nne, si kabla.

Nikamuuliza Simoni hali ikoje ndani. Simoni amefanya kazi ile miaka mingi na huwa hasemi jambo kabla ya wakati wake. Alinawa mikono kwanza.

"Mzee bado yuko vizuri," akasema. "Lakini tukienda hivi mpaka kesho, mimi nitawashauri wafunge jeneza. Kijana asimwone."

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoiandika kwa shida. Nilikata kipande cha waya, nikakichuna ncha zote mbili. Nilitaka kuiruka ile swichi ya ulinzi, niiunganishe moja kwa moja, mtambo usizime tena. Nilijua kitakachotokea. Ungefanya kazi mfululizo saa kadhaa, labda mpaka asubuhi, labda baridi ingetosha mpaka Lusekelo afike, kisha sumaku ingekufa na hospitali ingebaki bila mochwari. Kulikuwa na maiti wengine watano mle ndani, watoto wa watu, nao wana wa kwao wanaowangoja. Nilijua yote hayo na waya ulikuwa mkononi. Nilikuwa na hasira na mashine, na mhandisi, na Mzee mwenyewe kwa kufa kwenye mwezi wa baridi. Nilimwahidi mke wake. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani.

Kabla ya kuunganisha niliweka mgongo wa mkono kwenye kompresa. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mara elfu ngapi sijui. Ulistuka ukajitoa. Nikasimama pale na waya wangu, na nikatambua kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimekagua kila kitu cha mashine ile isipokuwa nyuma.

Na nilijua kwa nini. Tangu Alhamisi alasiri nilikuwa nasikia nyimbo za msiba kupitia ukutani. Kwetu marehemu haachwi peke yake, na kwa kuwa mochwari hairuhusu watu kukaa ndani, Mama Lusekelo na wanawake wa kanisani kwake walikuwa wanashinda nje, nyuma ya jengo. Kila nilipotaka kutoka nilipita mlango wa mbele. Sikutaka kumwona usoni akaniuliza mwanangu, hali ikoje. Fundi aliyefundishwa na mume wake kuanza nyuma alikuwa anakwepa kwenda nyuma kwa sababu mjane wake alikuwa huko.

Niliuacha waya juu ya sanduku nikazunguka.

Walikuwa wanane au tisa, wamekaa juu ya mikeka wameegemea ukuta. Ukungu ulikuwa umewafunika mpaka huwezi kuona mti wa jirani. Juu yao walikuwa wametundika blanketi mbili nzito na turubai, wamezifunga kwenye misumari ya dirisha na kuzishusha mpaka chini mbele ya wavu wa chuma, wakajitengenezea kibanda. Ndani ya kibanda, Mama Lusekelo alikuwa amekaa ameuegemeza mgongo wake kwenye wavu wenyewe. Upepo wa moto wa feni ulikuwa unawapiga, unagonga blanketi, na kwa kuwa haukuwa na pa kwenda ulikuwa unavutwa tena na feni ile ile na kurudishwa kwenye kondensa, moto juu ya moto. Gesi haikuwa inapoa hata chembe. Ilikuwa inarudi kwenye kijibomba ikiwa mapovu. Na jioni, walipokunja blanketi zao kwenda kulala, mashine ilikuwa inapona.

Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliniitikia, akasogea kidogo akanionyesha mahali pa kukaa karibu naye.

"Kaa mwanangu, upate joto," akasema. "Nilikuwa nasikia spana zako. Nikasema akimaliza atakuja."

Nilikaa. Sikujua nianzeje. Kumwambia mtu kwamba blanketi zake ndizo zinazomharibu mumewe, hilo chuo hakikufundisha, wala Mzee hakuwahi kunifundisha. Nikaanza kwa kuzungukazunguka, habari za mashine kuhitaji hewa. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la mtu aliyeishi na fundi wa majokofu maisha yake yote.

"Hili joto linatoka wapi?"

"Linatoka ndani, mama. Ndilo tunalowaondolea wao ili wasiharibike."

"Hata yeye?"

"Hata yeye. Yeye na wenzake. Lazima litoke liende zake. Likizuiwa linarudi kwao."

Mama Lusekelo aligeuka akaangalia wavu, akaweka mkono pale kwenye upepo, kiganja wazi, na akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhofia kwamba nimesema jambo baya lisilofutika. Kisha akasema siku zote mbili alikuwa anajiambia kwamba hapo panamfaa, na hakujua ni kwa nini. Alisimama mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaanza kufungua mafundo ya blanketi moja moja.

Nilirudi ndani. Ilikuwa saa nane mchana na jokofu liko kwenye kumi na moja. Mimi na Simoni tulisimama mbele ya kijidirisha cha kioo. Kwa dakika ishirini mapovu yaliendelea na nilimwona Simoni akiutazama ule waya wangu juu ya sanduku, naye anajua ni wa nini. Baadaye mapovu yakawa machache. Likabaki moja moja, likipita kwa uvivu. Halafu kioo kikawa maji. Niligusa kijibomba kwa mgongo wa mkono na kilikuwa cha baridi. Mtambo haukuzima tena. Kufika jioni tulikuwa kwenye sita, na nilipokuja alfajiri, tatu. Sumaku haikuwa imepoteza kitu. Swichi niliyotaka kuiruka ndiyo iliyoiokoa.

Lusekelo alifika saa nne na nusu, mtu mzima mwenye mvi, amebeba begi dogo. Hakusalimia mtu. Simoni alimtangulia, mimi nikabaki mlangoni kwa sababu nilitaka kuangalia tarakimu, au ndivyo nilivyojiambia. Simoni alifunua shuka mpaka kifuani. Uso ulikuwa wake, Mzee Ambakisye mzima, hata ule mkunjo wa hasira katikati ya nyusi.

Lusekelo alisimama tu. Nilidhani hatamgusa. Kisha akainua mkono, akaugeuza, akaweka mgongo wa mkono kwenye shavu la baba yake na kuuacha pale.

Nilitoka nje nikazunguka nyuma, ambako sasa kulikuwa na mikeka mitupu, nikasimama mbele ya wavu na kulia mpaka nikaishiwa.

Mara mbili tatu baada ya hapo uongozi ulitaka kuweka bango nyuma ya mochwari, la kukataza watu kukaa. Nilikataa mara zote. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuwasimamia mafundi ujenzi wajenge lile benchi la saruji na kipaa cha bati juu yake, hatua tatu kutoka kwenye wavu, mahali ambapo upepo wa moto unapita bila kuzuiwa na aliyekaa anaupata vizuri. Mstari wa njano uliopo sakafuni niliupaka mwenyewe. Ndani ya mstari kusiwekwe kitu chochote, si blanketi, si ndoo, si baiskeli ya Simoni.

Mwezi wa sita rangi ile huwa inafifia kwa unyevu. Ipakeni upya kila mwaka, na benchi msiliondoe.